Kazi za katuni huku: kanga ya bibi imeganda

Kutoka: Kijana wa Magomeni, Bagamoyo (niko Bristol, Uingereza)

Shikamooni wakubwa zangu. Nimemaliza masomo ya animesheni na siku za viza zinakimbia. Maombi nimetuma mpaka nimechoka. Studio moja tu ilinijibu kwa maneno: kazi yako safi, ila hatukuoni wewe ndani yake. Basi nikaongeza mbuyu, machweo, simba na ngoma. Nikakosa tena. Shourili yangu, yaani video fupi ya kuonyesha kazi zangu, ina dakika 4. Nifanyeje?

Kutoka: Dada wa Dunda, London

Marahaba mdogo wangu. Nimeitazama yote, na nimecheka, usininunie. Simba Bagamoyo ulimwona lini? Na usinitajie Saadani, najua hujawahi kufika.

Ikate ibaki dakika moja. Kilicho bora kikae mwanzo, maana mwajiri hafiki katikati. Kila kipande andika ulichofanya wewe: kuchora, kuhuisha, au kuweka mwanga tu.

Sasa yule bibi wa soko la samaki uliyemchora. Ndiye pekee aliye hai humo, lakini kanga yake imeganda. Umepiga picha ya kanga ukambandika. Anatembea, maua yametulia kama yamechorwa ukutani. Kanga ina pindo la ukingoni, mji wa katikati na jina, yale maneno yaliyoandikwa. Akijifunga kiunoni, pindo la chini linampigapiga miguuni, jina linakaa nyuma wenye macho wasome, na mji unajikunja pale alipochomeka ncha. Anza na kitambaa kikiwa kimetandazwa, pindo zote nne, ndipo umfunge kama mama anavyofunga. Bibi wa Dunda hatembei kama mwanamitindo. Ana ndoo kichwani, shingo imetulia, kiuno ndicho kinachofanya kazi. Hapo ndipo watakuona.

Na ngozi! Mashavu umeyang'arisha kwa nyeupe, bibi kawa kama kapakwa majivu. Ngozi yetu hushika rangi ya kilicho jirani: buluu ya bahari, wekundu wa udongo. Tia hizo.

Kutoka: Kaka wa Kaole, Leeds

Kwani asichore kwa mtindo wa tingatinga? Watoto wangu walikua na katuni za Tinga Tinga Tales za BBC, za tangu 2010.

Kutoka: Dada wa Dunda

Kaka, hizo zilitengenezwa Nairobi na zilipendeza, ila mlango huo umeshafunguliwa na wengine. Edward Saidi Tingatinga alichora alivyoona yeye, kwa rangi na vibao alivyovipata Dar es Salaam. Huyu naye ana nakshi za milango ya mji mkongwe, amezaliwa mbele yake.

Jingine, mdogo wangu: ukipata kazi, soma kipengele cha haki kabla ya kusaini. Kwa sheria ya hakimiliki ya hapa ya 1988, mwajiriwa akichora katika kazi aliyoajiriwa, mchoro ni wa mwajiri, isipokuwa mmeandikiana vingine. Bibi wako mtengenezee nyumbani, saa zako, kwa kompyuta yako. Programu ya kuhuisha ya Blender ni ya bure.

Kutoka: Kijana wa Magomeni

Simba nimemtoa. Nimempigia mama anirekodie akijifunga kanga. Anauliza: ya jikoni au ya msibani?

Kutoka: Dada wa Dunda

Zote mbili. Na arekodiwe kwa nyuma pia.