Naombeni filamu za ajabu za kuonyesha bandani, ila isiwe na ziwa wala mtumbwi

Mwana wa Mwalo (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Naendesha kibanda umiza huku Igombe, Ilemela. Mabenchi ya watu arobaini, wakibanana sitini. Ligi ikiwepo sina neno, banda linajaa lenyewe. Kazi inakuja siku za mbalamwezi. Wa ziwani mnajua: mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi wanakaa nchi kavu siku kadhaa, hela ya giza lililopita iko mfukoni na hawana pa kwenda. Hao ndio wateja wangu. Za kupigana wamezimaliza zote, siku hizi wanamtangulia mtafsiri kusema. Wanataka kitu cha kuwafanya waulizane hadi asubuhi.

Naombeni majina ya filamu za ajabu, zile zilizosahaulika, nchi yoyote. Kutafsiri nitatafsiri mwenyewe kwa maiki. Masharti: isiwe ya uchi maana kuna akina mama, isizidi saa mbili kwa sababu ya petroli ya jenereta, na isiwe na ziwa, wala mtumbwi, wala samaki. Nijibuni mapema, mwezi unakaribia kujaa. Nawasilisha.

Mchele Kitumbo
Nimekaa benchi la mbele, natafuna karanga.

Profesa wa Usiku
Afadhali leo. Humu kila siku ni tamthilia za Kituruki tu.

Tafuta Hausu, ya Japani, 1977, ya Nobuhiko Obayashi. Wasichana saba wanakwenda likizo kwa dada wa marehemu mama wa mmoja wao. Nyumba inawala. Simaanishi mafumbo, inawala: piano inamtafuna binti, inaanza na vidole. Obayashi alikuwa mtu wa matangazo ya televisheni, na vituko vingi alivipata kwa kumuuliza binti yake mdogo anaogopa nini. Ndiyo maana ukiitazama unajiona kama mtoto mwenye homa.

Ukimaliza hiyo, Eraserhead ya David Lynch, mwaka uleule wa 1977. Haina rangi, dakika 89. Jamaa anaachiwa kitoto ambacho si mtu, kinalia usiku kucha. Lynch amefariki Januari 2025 bila kusema kile kitoto alikitengeneza kwa kitu gani. Watu wako wataulizana mpaka giza linalofuata.

Dada Pasiansi
Profesa, soma masharti. Hausu ina vipande vya uchi.

Profesa wa Usiku
Ni sekunde chache. Aweke mkono mbele ya projekta.

Ngosha wa Buzuruga
Hahaha, mkono mbele ya projekta! Umenikumbusha banda la Mabatini nikiwa darasa la tano. Kanda za Lufufu. Mzee yule akitafsiri, hata kama filamu ni mbovu hutoki. Mimi mpaka leo kuna filamu za Kichina nazikumbuka kwa sauti yake, siku nilipokuja kuziona bila yeye nikaona nimeibiwa. Mwenye banda letu alikuwa na kiboko. Ukiingia bila kulipa unakaa chini karibu na spika, adhabu yako ni kelele. Nimekaa pale mara nyingi, sikio la kushoto halijawahi kupona vizuri. Tulikuwa watano, wawili sasa ni walimu, mmoja yuko Geita kwenye dhahabu.

Sorry mkuu, nimetoka nje ya mada. Sina jina la filamu.

Nshomile Mstaafu
Mleta uzi usihangaike na Wajapani, jirani zetu wamemaliza kazi. Who Killed Captain Alex, 2010, ya Nabwana wa Wakaliga, Kampala. Inasemekana haikufika hata dola 200. Bunduki za kuunganisha vyuma, helikopta ya kompyuta inabomoa mji, komando kutoka Uganda anapiga kung fu. Na juu ya yote yuko VJ Emmie, mtia maneno wao, anapiga kelele filamu nzima, anasifia, anawatania waigizaji. Wewe unayetaka kutafsiri kwa maiki, pale ndipo shule. Mtu wa Igombe ataelewa bila kuelezwa, maana ndiyo banda lenyewe limegeuka filamu.

Mtumishi77
Kijana, badala ya kuwapeleka wavuvi kwenye piano zinazokula watu, ungewaonyesha mafundisho ya ndoa na akiba. Mvuvi akipata hela anamaliza kabla jua halijachwa, na wewe unamsaidia kuimaliza. Pia kumbuka onyesho la hadhara linahitaji kibali, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ipo. Hausu haikaguliwi kwa mkono mbele ya projekta.

Dada Pasiansi
Mleta uzi hujasema jambo moja. Kwa nini isiwe na mtumbwi? Hao ni wavuvi.

Mwana wa Mwalo
Ni matakwa ya wateja tu dada. Tuendelee na majina. Hiyo ya Kampala nimeiandika.

Dada Pasiansi
Mteja wa Igombe anakataa mtumbwi lakini anakubali kitoto kisicho mtu? Mimi nimekulia Kirumba, usinizungushe.

Mchele Kitumbo
Mganga kamkataza.

Mwana wa Mwalo
Basi.

Mbalamwezi iliyopita nilionyesha Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya 2004, ile wazee wanaiita filamu ya mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara. Niliikuta kwenye fleshi ya jamaa wa chuo. Niliandika ubaoni: FILAMU YA MWANZA ILIYOFIKA OSCAR, NJOO UJIONE. Sikudanganya, ilishindania kweli. Waliingia sabini na kitu, wengine wamesimama. Hakuna aliyesikiliza tafsiri yangu, kila mtu anataja mahali: pale uwanja wa ndege, pale viwandani.

Kufika kipande kimoja cha ufukweni, mzee mmoja akasimama, kichwa chake kikaziba mwanga. Anasema rudisha. Nikarudisha. Rudisha tena. Nikasimamisha picha. Akasogea mpaka kwenye shuka, akaweka kidole: mtumbwi wangu huu. Uliibwa 2001. Ubao wa mbele aliuziba kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia, na anasema bati lile pale. Halafu akamtaja kwa jina mtu aliyeshika kamba. Na huyo mtu alikuwepo, benchi la pili.

Sitaeleza kilichofuata. Mabenchi manne yamevunjika.

Ngosha wa Buzuruga
NJOO UJIONE. Alijiona.

Fundi Redio Igoma
Mkuu, hiyo filamu ungeiacha. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, hapa Mwanza watu wakaandamana. Mimi nilikuwa na redio tatu za kutengeneza siku hiyo na zote zilikuwa zinaongea mapanki. Walichukia ile habari ya ndege zinazokuja kubeba minofu, kwamba zinashusha silaha. Nani aliziona?

Mama Ushindi
Silaha sijui, ila mapanki nayajua. Minofu inakwenda Ulaya, sisi tunabaki na kichwa na mifupa. Mama yangu alikuwa anayakaanga na kuyauza kwa fungu, mimi nimesoma mpaka kidato cha nne kwa kichwa cha sangara. Nilipoiona ile filamu nililia, halafu nikakasirika, halafu nikatamani mapanki. Mzungu ameyapiga picha kama vile ni jehanamu. Funza walikuwepo, ndiyo. Na sisi tulikuwepo, tukicheka, tukikopeshana chumvi. Hayo ya kucheka sikuyaona sana mle.

Na huyo sangara mwenyewe si wa kwetu, alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawamaliza furu, visamaki vyetu vya asili. Babu yangu alikufa anamwita mgeni.

Dada Pasiansi
Mama Ushindi, asante. Mleta uzi, kesi imefikia wapi?

Mwana wa Mwalo
Tumeitwa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, na mwenyekiti wa mtaa anataka laptopu iletwe kikaoni Jumamosi ili wazee waone wenyewe. Nimeshawaambia laptopu imeingia maji.

Fundi Redio Igoma
Imeingia maji kweli?

Mwana wa Mwalo
Itaingia.

Mtumishi77
Shahidi wa uongo haachi kupata adhabu. Mithali 19.

Mwana wa Mwalo
Mtumishi, mimi si shahidi. Nilikuwa nyuma ya projekta. Mtumbwi wa zaidi ya miaka ishirini, mbao zake zimeshapikiwa ugali. Nikipeleka hiyo laptopu nani anafaidika? Nimeamua yaishe, nionyeshe kitu cha mbali, watu wasahau. Ndiyo maana nikasema isiwe na mtumbwi. Sijaja kuuliza habari za kesi, nimeuliza filamu.

Nshomile Mstaafu
Unakimbia kama mtu mwenye deni. Huyo aliyetajwa ni nani yako?

Mchele Kitumbo
Karanga zimeisha, naagiza nyingine.

Mwana wa Mwalo
Ndiye mwenye banda.

Dada Pasiansi
Na?

Mwana wa Mwalo
Na ni baba wa mchumba wangu. Mahari ni ng'ombe tisa, nimeshapeleka watano. Mmefurahi?

Ngosha wa Buzuruga
Ng'ombe wanne waliobaki wapeleke kwa mwenye mtumbwi, kesi imekwisha.

Profesa wa Usiku
Kesi ni kesi, filamu ni filamu. Kwa kuwa petroli ni tatizo: Tetsuo ya Shinya Tsukamoto, 1989, dakika 67. Karani wa ofisini anageuka chuma kidogo kidogo, anaanza na kipande shavuni wakati wa kunyoa. Hakuna ziwa, hakuna mkwe. Ila spika zako ziwe nzima.

Kobe wa Kayenze
Samahani wakuu, naharibu sherehe. Uzi umeanza kwa kusema mwezi unakaribia kujaa. Mimi jana usiku nilikuwa Kayenze, nimetazama ziwa, taa za dagaa zimewaka kama mji. Giza tii. Mwezi gani huo unaojaa watu wakiwa kazini?

Pili, hiyo filamu nimeitazama mara nne. Mitumbwi ipo, ila nakala za fleshi nazijua, ukisimamisha picha unaona vyumba vyumba tu vya rangi. Bati la kopo la mafuta mtu analionaje? Huyu ametunga hadithi. Kesho atatuuzia kitabu.

Nshomile Mstaafu
Hata mimi nilistuka hapo kwenye ng'ombe. Mkwe, mtumbwi, mahari, vyote kwa mtu mmoja? Hiyo ni tamthilia ya Kituruki.

Fundi Redio Igoma
Na mtu anayetaka kuficha kesi haji kuiandika hapa.

Mama Ushindi
Mvuvi anaujua mtumbwi wake hata kwa kivuli. Baba yangu aliutambua wake usiku kwa mlio wa maji ubavuni. Hapo kwenye bati mimi namwamini. Hapo kwenye mwezi ajieleze.

Mwana wa Mwalo
Mwezi nilidanganya. Ungekaribia kujaa ndiyo mngejibu haraka, ningesema bado siku kumi na mbili mngeniacha nizame ukurasa wa tatu. Hilo tu. Kuhusu picha, hata mimi naona vyumba vyumba. Mzee anaona bati. Na mkwe wangu hakusema si kweli, alisema "zima hiyo jenereta."

Asiyeamini aje Igombe aulize banda lenye mabenchi mapya.

Kobe wa Kayenze
Nitakuja Jumamosi kikaoni. Nikikuta kikao, nakununulia petroli.

Mwana wa Mwalo
Usije Jumamosi.

Kobe wa Kayenze
Naona.

Ngosha wa Buzuruga
Iwe kweli iwe uongo, nimecheka mpaka bosi amekuja kuchungulia. Ila ngosha, peleka laptopu. Wazee wakiona vyumba vyumba, mkwe kapona na wewe umepona. Wakiona bati, basi na wewe ulikuwa unakwenda kuoa nyumba hiyo bila kujua.

Mwana wa Mwalo
Nimekusikia. Nitafikiria. Lakini banda lazima nifungue mbalamwezi ikifika, ng'ombe wanne hawajinunui. Profesa, hizo za Kijapani zitawatisha akina mama. Hakuna ya Afrika yenye mambo ya ajabu, isiyo na sangara?

Profesa wa Usiku
Ipo, nimeiweka kiporo kwa sababu ndiyo naipenda kuliko zote. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, Senegal, 1973. Jina maana yake safari ya fisi, Wasukuma watakaa wenyewe. Kijana mchunga ng'ombe ana pikipiki, mbele amefunga fuvu la ng'ombe na pembe zake. Yeye na msichana wake wanataka kwenda Paris na hawana senti, kwa hiyo wanaiba hapa, wanatapeli pale. Inaanza machinjioni, ng'ombe wa kweli, uwaonye wenye moyo mwepesi. Wimbo wa Paris unarudi na kurudi mpaka unaanza kuuchukia, na ndivyo alivyotaka. Picha zimekatwa hovyo kama mtu anayesimulia amelewa, lakini hakosei njia. Kama dakika 90.

Dada Pasiansi
Mna kijana anayesimama uchi kwenye gari.

Profesa wa Usiku
Mkono.

Mwana wa Mwalo
Pikipiki yenye pembe! Hiyo hiyo. Naandika ubaoni leo.

Kobe wa Kayenze
Mleta uzi, kabla hujaandika. Mwishoni kuna bandari ya Dakar, na meli. Wewe si umesema isiwe na chombo cha majini?

Mwana wa Mwalo
Meli haiibiwi.