Bundi juu ya paa, naombeni ushauri

Habari zenu wanakundi. Kuna bundi anatua kwenye paa letu karibu kila usiku, na mama mkwe hapati usingizi. Anasema ni ishara ya msiba. Nimewasha taa ya nje, haondoki. Chini ya paa naokota madonge ya manyoya na vifupa vya panya, kwa hiyo mimi naona kafuata chakula tu. Nikamweleza mama kwamba kwa Wayunani wa kale bundi alikuwa ndege wa Athena, mungu wao wa kike, na alama ya hekima, hadi wakamtia kwenye sarafu zao. Akajibu, "Hao Wayunani hawalali humu." Hapo nikanyamaza.

Je, nimtulize vipi bila kuonekana namdharau? Na bundi anahamishwaje bila kudhuriwa?