Trike ya kujiundia: nyuma niweke suspensheni gani?

Spana_14
Wakuu habari zenu. Naunda trike kwa pikipiki ya cc 750 ya shafti (haina cheni), gurudumu moja mbele, mawili nyuma. Mbele nimeacha kama ilivyo. Nyuma nimekata na nimeanza kuchomea fremu ndogo ya mabomba. Ekseli ninayo, ya gari dogo, na difu yake katikati, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili.

Nayumba kati ya mambo manne: kuifunga ekseli kwenye fremu bila springi kabisa, kuilaza juu ya springi za bapa, kuishika kwa mikono minne ya chuma na shokapu zenye koili, au kuachana nayo nitafute difu ya kufunga kwenye fremu ili kila gurudumu lijitegemee. Roho inataka hiyo ya mwisho. Ujuzi wangu wa kuchomea unanishauri vingine. Nitabeba abiria mmoja, lami na vumbi. Mnasemaje?

MzeeWaGrisi
Ya bila springi futa, kijana. Trike ya Harley-Davidson Servi-Car ilitengenezwa hivyo kuanzia 1932 hadi 1973, dereva akitegemea springi za siti, lakini ile ilikuwa ya kazi za mjini kwa mwendo wa taratibu. Kwa fremu uliyochomea mwenyewe, kila shimo linapiga moja kwa moja kwenye maungio yako.

Difu_Kali
Kama roho inataka magurudumu yanayojitegemea, isikilize. Ekseli nzima ikiwa na difu na ngoma zake za breki ni uzito mkubwa usiobebwa na springi, na kwenye chombo chepesi kama trike unausikia kila tuta. Difu ikikaa kwenye fremu, kinachoruka ni gurudumu, mkono na nusu shafti tu.

Ila ukichukua nyuma ya Volkswagen Beetle, uliza ni ya aina gani. Za zamani zina ekseli zinazobembea kutoka kwenye giaboksi, na kwenye kona kali gurudumu la nje hujikunja kuingia chini ya gari na kuinyanyua nyuma. Zilizouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1969 zina sivi jointi nne (maungio ya shafti yanayojipinda huku yakizunguka) na mikono ya mshazari, hizo ndizo za kutafuta.

Kipara_wa_Chesisi
Springi za bapa mnazionea bure. Zinabeba mzigo na wakati huohuo zinaishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Kati ya mifumo yenye springi uliyoitaja, hakuna utakaokudai maungio machache kuliko huo.

Ubaya wake ni kwamba za gari ni ngumu mno kwa trike. Utapunguza bapa, ile kuu yenye macho ibaki. Ukipunguza sana unapata ugonjwa mwingine: ukiongeza mafuta kwa nguvu ekseli inataka kujisokota, bapa zinajipinda, tairi linarukaruka.

Binti_Karakana
Mnajadili raha ya siti, mimi nauliza nani atazuia chombo kisilale kwenye kona. Kwenye gari, springi za mbele na za nyuma zinasaidiana. Kwenye trike hii gurudumu la mbele linainama pamoja na fremu, halizuii chochote. Kazi yote iko nyuma. Ukiweka koili laini huko, uzito unasogea nje wakati ambapo huna akiba kubwa.

Hesabu yake hii hapa. Upana wa matairi ya nyuma tuseme mita 1.2, kitovu cha uzito mita 0.6 kutoka ardhini. Nusu ya upana gawa kwa kimo: gari la magurudumu manne lingefika g 1.0, yaani nguvu ya kona sawa na uzito wake, ndipo lipinduke. Trike unazidisha kwa sehemu ya urefu (gurudumu la mbele hadi ekseli ya nyuma) iliyopo kati ya gurudumu la mbele na kitovu. Uzito ukiwa theluthi mbili kuelekea nyuma, unabaki na 0.67. Abiria akipanda, kimo kinaongezeka. Na springi bado hazijaanza kulala.

Spana_14
Kwa hiyo dada unaniambia koili ngumu, mgongo utajua wenyewe?

Binti_Karakana
Hapana kaka. Koili za wastani, halafu stebilaiza, chuma kinachounganisha pande mbili ili chombo kisilale. Yenyewe haina habari matairi yote mawili yakipanda pamoja, inafanya kazi pale moja linapopanda na jingine kubaki.

Na angalia koili unazifunga wapi. Ukizifunga katikati ya mkono, nusu ya njia kati ya bawaba na ekseli, ugumu unaofika kwenye tairi ni robo tu ya ule wa koili. Nusu mara nusu. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, wanalaumu koili kumbe ni mahali pa bolti.

MzeeWaGrisi
Binti amegusa penyewe. Ndiyo maana wapo wanaobakiza mkono mmoja mpana wa nyuma, kama wa pikipiki, na kufunga ekseli mwisho wake. Trike ya Harley Tri Glide ya 2009 inafuata wazo hilo. Mkono wenyewe unakuwa stebilaiza, fremu hailali hata kidogo. Na kigoda cha miguu mitatu hakichezi hata sakafu iwe mbovu, kwa hiyo si lazima ekseli iiname peke yake ili matairi yaguse chini.

Gharama yake unailipa kwenye vumbi. Tairi moja likiingia shimoni unainama na chombo chote, na msokoto wote unaishia kwenye beringi za bawaba. Za pikipiki hazikuundwa kwa kazi hiyo.

Difu_Kali
Mzee, kwa vumbi alilolitaja, mimi bado nabaki na yangu. Stebilaiza inafungwa hata kwenye mikono inayojitegemea.

MzeeWaGrisi
Inafungwa, sikatai. Lakini anayejifunza kuchomea atapatanisha pembe za magurudumu mawili kwa jicho? Ekseli ya gari imeshanyooshwa kiwandani.

Kipara_wa_Chesisi
Kabla hamjamchanganya zaidi: shafti ya hiyo pikipiki inazunguka upande gani? Ikipishana na difu yako utapata gia tano za kurudi nyuma na sifuri ya kwenda mbele. Wengine huigeuza difu juu chini, lakini uhakikishe oili inafika kwenye beringi za pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu) na tundu la kupumulia limehamishwa.

Spana_14
Nimeenda kuzungusha tairi kwa mkono, upande ni sawa. Nachukua mikono minne, koili karibu kabisa na ekseli, na stebilaiza. Kimebaki kile kifito cha kuzuia ekseli isiende pembeni, nikiweke vipi?

Binti_Karakana
Kirefu kadiri nafasi inavyoruhusu, upande mmoja kwenye fremu, mwingine kwenye ekseli. Kiwe kimelala sawa na ardhi wewe na abiria mkiwa mmekaa, siyo chombo kikiwa juu ya stendi. Kikiwa kifupi, kila tuta kitaivuta ekseli pembeni na utahisi nyuma inajiendesha. Na usisahau kipande cha shafti kinachoteleza, maana ekseli ikipanda urefu unabadilika.

Spana_14
Sawa dada. Ngoja nipime nafasi chini ya siti.