Aliyejaza setLayout(null) kwenye programu hii ajitokeze

Wadau, salamu baadaye, leo nimechemka. Nimeachiwa programu ya Java ya ofisi moja ya mawakala wa forodha hapa Mombasa, karibu na bandari ya Kilindini. Aliyeiandika keshakwenda zake. Fungua faili lolote: setLayout(null), yaani hakuna mpangaji wa vitu dirishani, kisha setBounds, setBounds, setBounds, kila kitu kimeandikiwa mahali na ukubwa wake kwa mkono, mpaka macho yaume. Kila kitu kimepigiliwa misumari.

Kwenye laptopu yake bila shaka ilipendeza. Ofisini wametoka Java 8 wakaweka toleo jipya, na Windows imekuzwa asilimia 125 maana karani ni mtu mzima, herufi ndogo hazioni. Tangu Java 9, Swing (maktaba ya Java ya madirisha na vitufe) inafuata ukuzaji huo. Haya pigeni hesabu: dirisha la urefu wa 720 sasa linataka pikseli 900, na skrini ina 768! Kitufe cha "Hifadhi" kimezama huko chini. Na jamaa akatia setResizable(false), kwa hiyo hata kulivuta dirisha huwezi. Mama wa watu anabonyeza Tab huku akihesabu kwa midomo, akifika anapojua kitufe kipo anagonga spesi. Kitufe cha jirani ni "Futa". Wallahi nimemwona akikosea.

Najua mtakuja na "tumia GridBagLayout", mpangaji wa Swing anayeweka vitu kwenye gridi. Nimetumia! Kisanduku cha namba ya kontena kikanywea, hata tarakimu moja haikai. Nafasi ikipungua kidogo tu kuliko vitu vinavyotaka, GridBagLayout inavirudisha vyote kwenye kipimo chao cha chini kabisa. Ukiiacha ilivyo, weightx (mgawo wa nafasi ya ziada kwa upana) ni 0 na fill (kitu kijaze nafasi yake au la) ni NONE. Weka 1.0 na HORIZONTAL, kinatulia. Nani aliona sifuri ndiyo inamfaa mtu anayeandika fomu?

Wala msiniambie niite repaint() dirisha likivurugika. Hiyo inachora tu. Ukiongeza au kuondoa kitu, wa kupanga upya ni revalidate().

Fomu hiyo moja nimeinusuru: visanduku ndani ya JScrollPane (sehemu ya kusogeza juu na chini), vitufe nje kwenye BorderLayout.SOUTH (ukingo wa chini wa dirisha), setResizable(false) nimefuta. Karani akitanua dirisha lijae skrini, "Hifadhi" anaiona. Zimebaki fomu nyingine zote. Mwenye njia ya kuzihamisha bila kuandika upya moja moja aseme, na anayetaka kutetea null eti "ni ya muda tu" apite mbali na uzi huu.