Wakuu, "abscond" ni kutoroka au kujificha?

MfasiriMchanga: Wakuu, heshima mbele. Natafsiri barua ya kampuni fulani kuhusu mtunza fedha wao. Kuna sentensi inasema "He absconded with the cash." Nimeandika "Alitoroka na fedha." Mwenzangu anayepitia kazi kaikata kwa kalamu nyekundu, juu yake kaandika "Alijificha na fedha", eti kwa Kilatini asili yake ni kuficha. Kazi inatakiwa kesho asubuhi. Nimfuate au nikomae na langu?

BabuKamusi: Kwenye asili mwenzako hajakosea. Kilatini ni *abscondere*: *abs* ni mbali, *condere* ni kuweka kitu akiba. Yaani kukitenga mbali na macho ya watu. Kihispania mpaka leo kinasema *esconder*, Kiitaliano *nascondere*, na yote mawili ni kuficha tu, hata kama unamficha mtoto peremende. Kiingereza kililipokea karne ya 16, na huko ndiko neno lilikoota miguu. Anaye-abscond ameondoka, kimya kimya, na nyuma kaacha deni, kesi au mali ya watu.

DadaSarufi: Sasa huyo mhariri anatafsiri neno au anatafsiri babu yake neno? Mtu akichapwa viboko vinne, nani anauliza wale wanyama wametolewa mto gani?

MfasiriMchanga: 😂 Nitamwambia hivyo hivyo. Ila "escape" nayo si kutoroka?

WakiliMstaafu: Kiswahili kinayabeba yote mawili, Kiingereza kinayatenganisha. Mfungwa aliyekata nondo usiku, hiyo ni "escape". Aliyepewa dhamana, siku ya kesi jina likaitwa mara tatu kimya, huyo ndiye wa "abscond". Hakuvunja kitu, mlango ulikuwa wazi. Sisi tunasema ameruka dhamana.

Na usidhani kutoroka ni mbio. Mtu akikimbia mvua hatusemi kaitoroka. Anayetoroka ana mahali alipopaswa kuwepo: darasani, kambini, kazini. Ndiyo maana tuna "mtoro". Mtunza fedha wako anaingia humo bila kusukumwa. "Alijificha na fedha" mimi ningeelewa yuko chini ya meza ya ofisi.

BabuKamusi: Hiyo "escape" nayo ina kisa kizuri. Imepitia Kifaransa cha kale, na mzizi wake ni *ex*, nje ya, na *cappa*, joho. Fikiria umemshika mtu joho kwa nyuma, yeye anajichomoa mikono, anakwenda zake, wewe umebaki na nguo. Si Yusufu alimwachia mke wa Potifa vazi lake vile vile? Neno halikutoka kwenye kisa hicho, lakini picha ni ile ile.

DadaSarufi: Kwa hiyo mmoja kaacha joho, mwingine kabeba sanduku. MfasiriMchanga, angalia na kinachofuata baada ya "absconded". Ikiwa "with", ni alichoondoka nacho. Ikiwa "from", ni alikotoroka. Barua za kazini hupenda hiyo ya pili, na hapo hata "utoro kazini" inatosha.

MfasiriMchanga: Shukrani, wakuu. Nimerudisha "Alitoroka na fedha". Halafu nimesoma sentensi inayofuata, ambayo wote wawili hatukuwa tumeifikia: "He is believed to be in hiding." Mwenzangu kapata kujificha kwake, mstari mmoja chini.