Ulinganisho: bendi ya pop ya kielektroniki ibaki yenyewe, iende lebo ndogo au isaini lebo kubwa?

Kinanda_Tisa

Wakuu, salaam. Tulinganishe njia tatu za bendi ya pop ya kielektroniki, kuanzia singo ya kwanza hadi albamu ya nne au ya tano: kutoa kazi wenyewe kupitia msambazaji wa kidijitali (kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa ya kusikiliza), kusaini na lebo ndogo (lebo ni kampuni ya kutoa muziki), au kuingia lebo kubwa. Bendi za magitaa na dramu tuziweke kando, hesabu zake ni nyingine. Bendi ya sinthesaiza inaweza kumaliza albamu nzima chumbani, kwa hiyo ile sababu kongwe ya kutafuta lebo, yaani pesa ya studio, hapa ina uzito mdogo. Zinabaki pesa za kutangaza, pesa za ziara, na watu wa kukufanyia kazi.

Mifano ya kuanzia nayo:

The Postal Service walikuwa Ben Gibbard na Jimmy Tamborello, wakitumiana vipande vya muziki kwa posta. Albamu yao, Give Up, ilitolewa na lebo ya Sub Pop mwaka 2003 na baadaye ikapata cheti cha mauzo cha platinamu Marekani. Hawakutoa albamu nyingine ya studio.

Hot Chip walitoa Coming on Strong mwaka 2004 kwa lebo ndogo ya Moshi Moshi, wakaingia EMI, lebo kubwa, na The Warning mwaka 2006, kisha kuanzia In Our Heads, 2012, wakawa Domino, ambayo ni lebo ya kujitegemea.

CHVRCHES wa Glasgow walianza 2011, wakatoa albamu ya kwanza 2013. Sylvan Esso, watu wawili tu, walianza na Partisan mwaka 2014, wakahamia Loma Vista kwa What Now mwaka 2017, na baadaye wakaanzisha lebo yao, Psychic Hotline.

Msimamo wangu: bendi inayotaka kudumu miaka 10 isianze kwa kuuliza asilimia. Iulize nani atamiliki masta, yaani rekodi asilia za nyimbo, na kwa muda gani.

---

DaftariLaMirabaha

Naunga mkono suala la masta, lakini asilimia usiipuuze, maana ndipo wengi wanapodanganyika. Tufanye hesabu bila kutaja sarafu.

Lebo inatumia 100: 40 ni malipo ya awali mnayopewa mkononi, 60 ni gharama za kurekodi. Mkataba ni wa mrabaha (sehemu ya mapato anayolipwa msanii) wa 20%. Gharama hizo hurudishwa kutoka kwenye ile 20% yenu, si kutoka kwenye mapato yote. Maana yake lazima kazi iingize 500 ndipo deni la 100 liishe. Kwenye 500 hizo, bendi haijaongezewa hata moja juu ya zile 40 za mwanzo.

Sasa mkataba wa kugawana faida nusu kwa nusu, ambao lebo nyingi ndogo hupendelea. Mapato ni yaleyale 500, gharama 100 zinatolewa juu, zinabaki 400, na bendi inapata 200. Ndiyo maana ukisikia "lebo kubwa wametoa malipo makubwa ya awali", uliza kwanza yanarudishwa kutoka mfuko upi.

---

Mama_Sinthi

@DaftariLaMirabaha hesabu ni sahihi ila imeacha upande mmoja. Kwenye kugawana faida, lebo hutoa juu gharama ZOTE: matangazo, video, kuchapa santuri, hata kumlipa mtu wa kupeleka nyimbo redioni. Kwenye mkataba wa mrabaha, uchapishaji na sehemu kubwa ya matangazo kwa kawaida hubaki mzigo wa lebo. Kwa hiyo kwenye mfano wako gharama haziwi 100 tena. Zikifika 250, bendi inapata 125, na lebo ikipania matangazo hadi 400, mnagawana 50 kila upande. Andikeni kwenye mkataba kwamba matumizi yoyote yanayozidi kiasi fulani kwa albamu lazima bendi iyakubali kwa maandishi. Pasipo kifungu hicho, nusu kwa nusu inaweza kuwa mbaya kuliko 20%.

Halafu kuna njia ya nne ambayo Kinanda_Tisa hakuiweka: kugawa maeneo. CHVRCHES walikuwa na Glassnote, lebo ya kujitegemea, kwa Marekani, na lebo tofauti upande wa Uingereza. Faida yake ni kwamba lebo moja ikilala, nyingine haifi. Hasara ni kwamba tarehe za kutolewa, majalada na bajeti vyote vinahitaji kukubaliwa na pande mbili, na meneja asiye makini ataelemewa.

Na tusisahau sauti yenyewe. CHVRCHES walitayarisha wenyewe albamu mbili za kwanza. Ya tatu, Love Is Dead ya 2018, sehemu kubwa walifanya na Greg Kurstin. Ya nne, Screen Violence ya 2021, wakarudi kujitayarishia, wakifanya kazi kwa mbali kati ya Los Angeles na Glasgow. Bendi iliyoweza kurudi kwenye chumba chake ni ile iliyokuwa na ujuzi wa utayarishaji ndani yake tangu mwanzo. Huo ndio mtaji mkuu wa aina hii ya muziki. Msimkabidhi prodyuza wa nje kila kitu kwenye albamu ya kwanza, hata lebo ikiwalipia.

---

FundiJukwaa

Mnazungumza masta, lakini bendi nyingi za namna hii hufia kwenye ziara. Idadi ya watu jukwaani inaamua kama mtabaki na faida.

Watu wawili: laptopu moja, kadi ya sauti yenye njia 8 za kutolea, visanduku vya DI (vinavyounganisha vyombo na mitambo ya sauti ya ukumbi), maikrofoni, kinanda kimoja. Mgawanyo unaofanya kazi:

1 – kiki (dramu kubwa ya mguu)
2 – besi, mono (chaneli moja, si kushoto na kulia)
3 na 4 – dramu zilizobaki
5 na 6 – sinthi
7 – sauti za kuitikia
8 – kliki (mlio wa kuhesabia mapigo), iende masikioni mwa wanabendi tu

Usimpe fundi wa ukumbi stereo moja yenye kila kitu. Ukumbi ukivimba kwenye besi atakata masafa ya chini, na kiki itapotea pamoja na besi hata kama haikuwa na kosa. Mkivitenganisha anarekebisha chenye tatizo tu.

Mkiongeza mpiga dramu wa kweli mnaongeza maikrofoni, monita yake, muda mrefu zaidi wa kupanga jukwaa, nafasi kwenye gari na kitanda cha kulala. Kilichopungua ni ile hali ya watazamaji kuangalia watu wawili wakibonyeza vitufe. CHVRCHES walizunguka miaka kadhaa bila mpiga dramu, wakamwingiza Jonny Scott mwaka 2018, wakati kumbi zao zilikwishakuwa kubwa. Sylvan Esso kwa kawaida hupanda wawili, na mwaka 2019 walifanya maonyesho machache na bendi ya watu 10, wakayatoa kama rekodi, WITH, 2020. Mpango huo naupenda: wawili kwa ziara ndefu, bendi kubwa kwa maonyesho teule yanayoacha rekodi ya kuuza.

---

bafa_128

@FundiJukwaa ongeza yanayoharibika. Nayataja kwa mpangilio wa yanayotokea mara nyingi:

Kiwango cha sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde sauti inapimwa. Faili la 44.1 kHz likichezwa kwenye kifaa kilichowekwa 48 kHz bila kubadilishwa, wimbo unakwenda kasi na unapanda karibu robo tatu ya toni. Mwimbaji anaanza kuimba, ufunguo si wake. Badilisheni kila kitu kuwa kiwango kimoja kabla ya ziara na msikilize kila faili.

Leseni za programu za sinthi zinazotaka intaneti ili zifunguke. Ukumbini intaneti haina uhakika. Geuzeni sinthi zote za programu kuwa faili za sauti, isipokuwa ile inayopigwa moja kwa moja.

Ukubwa wa bafa, yaani idadi ya sampuli ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kutoa sauti; ikiwa kubwa, sauti inachelewa. Kwa 48 kHz, bafa ya 128 ni kama milisekunde 2.7 kwa upande mmoja, ya 256 ni 5.3. Kama laptopu inacheza faili tu, wekeni 256 au zaidi, usalama kwanza. Kama kuna kinanda kinachopigwa kupitia kompyuta, 128.

Mvumo wa umeme kutoka kwenye chaja ya laptopu. DI yenye transfoma kwa kawaida huukata. Kuchomoa chaja si dawa, betri itaisha katikati ya onyesho.

Jua. Onyesho la nje mchana hupasha laptopu moto, prosesa inapunguza kasi na sauti inaanza kukatika. Kivuli kiwepo juu ya meza, si juu ya mwimbaji pekee.

---

Kinanda_Tisa

@bafa_128 na laptopu ikizima kabisa? Kuna haja ya kubeba mbili wakati bado mnapiga kumbi ndogo?

---

bafa_128

Kwenye ukumbi mdogo, hapana. Wekeni nakala ya stereo ya onyesho zima, bila sauti kuu, kwenye simu iliyounganishwa tayari na chaneli ya akiba kwenye mixa, ikiwa imezimiwa simu zinazoingia.

Mkianza kupanda matamasha, ndiyo. Laptopu mbili zenye faili zilezile zinakwenda sambamba, na kifaa cha kubadilishia kati yake, kama Radial SW8 au iConnectivity PlayAudio12. Laptopu kuu inatuma mlio wa kudumu kwenye chaneli moja ambayo watazamaji hawaisikii. Mlio ukikatika, kifaa kinahamia laptopu ya pili papo hapo. Kosa la kawaida ni kupitisha mlio huo kwenye programu ambayo hunyamaza kati ya nyimbo: kifaa kinadhani kompyuta imekufa na kinahama bila sababu. Mlio lazima uendelee hata muziki ukisimama.

---

DaftariLaMirabaha

Turudi kwenye njia ya kwanza, ya kubaki wenyewe, maana inasifiwa kuliko inavyoeleweka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni ISRC pamoja na karatasi ya mgao.

ISRC ni namba ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha rekodi moja. Remiksi ni rekodi nyingine, inataka namba yake. Mkihama msambazaji, au mkichukuliwa na lebo, fuateni utaratibu huu: hifadhini ISRC zote, pandisheni kwa msambazaji mpya faili zilezile za sauti zenye majina yaleyale na ISRC zilezile, subirini mpaka toleo jipya lionekane likiwa na hesabu ileile ya usikilizaji, ndipo mwombe la zamani liondolewe. Mkianza kwa kuondoa la zamani, wimbo unatoweka kwenye orodha za watu na haurudi wenyewe. Angalieni pia msambazaji wa ada ya mwaka: kwa baadhi yao ada ikikosa kulipwa, kazi zinashushwa.

Karatasi ya mgao isainiwe siku wimbo unapokamilika, na iwe na sehemu mbili: nani ametunga (maneno na muziki), na nani anamiliki rekodi. Kwenye bendi hizi ugomvi huzuka kwa sababu mmoja alitengeneza mdundo na mwingine aliandika melodia. Mdundo peke yake ni utunzi au ni utayarishaji? Mkubaliane kabla ya pesa kuingia. Wawili wanaogawana nusu kwa nusu kila wimbo hupoteza usahihi kidogo na kuokoa urafiki mwingi.

---

Mama_Sinthi

Nami naona kubaki wenyewe kunafaa sana kwenye singo tatu hadi nne za mwanzo, na tena baada ya mkataba kuisha. Katikati, kwenye albamu ya kwanza inayohitaji kusukumwa nje ya nyumbani, lebo ndogo bado ina kazi. Inajua kupanga santuri, kwa mfano. Muziki wenye besi nzito ukizidisha dakika 20 kwa upande mmoja kwenye mizunguko 33 kwa dakika, mkataji (fundi anayechonga santuri) hulazimika kushusha sauti, na besi iliyotawanyika kushoto na kulia inaweza kurusha sindano. Lebo yenye uzoefu itawaambia mapema mpunguze wimbo mmoja na muweke besi mono.

Ila "ndogo" chunguzeni ukubwa wake. Sub Pop ilipotoa Give Up, 49% ya hisa zake zilikuwa za Warner tangu miaka ya 1990. Hilo halikuharibu albamu, lakini bendi inapaswa kujua anayekaa nyuma ya meza.

---

sauti_ya_pili

Jina pia ni sehemu ya kazi. CHVRCHES waliweka V badala ya U ili wasipotee kati ya makanisa ya kweli kwenye utafutaji wa intaneti. The Postal Service waliandikiwa barua na shirika la posta la Marekani kuhusu alama ya biashara, wakaishia kwenye makubaliano yaliyowaruhusu kuendelea kulitumia. Kabla ya singo ya kwanza, tafuteni jina kwenye majukwaa ya kusikiliza na kwenye daftari la alama za biashara la nchi mnayotarajia kuzunguka. Jina la neno moja la kawaida hufanya nyimbo zenu zichanganywe kwenye ukurasa wa msanii mwingine, na kuzitenganisha huchukua barua nyingi.

---

Kinanda_Tisa

Asanteni sana, mmenibadilisha kidogo: sasa naona njia ya kugawa maeneo ni bora kuliko nilivyodhani. Swali la mwisho kwa @DaftariLaMirabaha: bendi yenye albamu moja mkononi, iliyokwisha kurekodiwa, iombe nini kwa lebo ndogo?

---

DaftariLaMirabaha

Albamu ikiwa imekwisha rekodiwa kwa pesa yenu, msiuze masta. Toeni leseni ya miaka 5 hadi 7 kwa albamu hiyo moja, na msiwape haki ya kudai ya pili moja kwa moja. Wakitaka nafasi ya kwanza ya kuzungumza kuhusu albamu inayofuata, wapeni siku 30 au 60. Leseni ikiisha, waruhusiwe kuuza santuri zilizobaki ghalani kwa miezi 6, bila kuchapa mpya. Haki za utunzi zibaki nje kabisa, kwa mkataba wake. Ziara na fulana zisiguswe. Muwe na haki ya kukagua vitabu mara moja kwa mwaka.

Kitu kimoja lebo itakachong'ang'ania ni kukuzuia kurekodi upya nyimbo hizo. Kizuizi kikubalike kwa muda wa leseni na mwaka mmoja au miwili baada yake, lakini kiseme wazi kwamba rekodi za jukwaani haziguswi. Bendi ya kielektroniki inayopanga baadaye kutoa toleo la moja kwa moja na bendi kamili itafungwa mikono na neno "rekodi yoyote" likiachwa kama lilivyo.