Mfupa wa ugoko uko wazi, dokta anasema flapu, naombeni mnieleweshe

Kaka wa Chalinze
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda, mguu ukavunjika na nyama ikachanika chini ya ugoko, karibu kabisa na kifundo. Kafungwa vyuma vya nje na kashaingia thieta mara mbili kusafishwa. Leo nesi alipofungua dresingi nimeuona mfupa kwa macho yangu, kipande kama kidole gumba hivi, mweupe, mkavu. Dokta anasema ngozi ya pajani haitashika pale, anataka kugeuza ngozi ya kigimbi ishuke chini, hiyo ndo anaiita flapu. Mama analia tu, anasema mtoto anaongezewa kidonda juu ya kidonda. Kwanini wasibandike tu ngozi yakaisha?

Nesi wa wodi
Pole sana kaka, na mama mpe pole. Dokta yuko sahihi. Ngozi inayokwanguliwa pajani inakuja haina damu yake, siku za mwanzo inanyonya kwenye kidonda, sasa kama chini kuna nyama nyekundu inashika vizuri ila mfupa uliovuliwa utando wake hauna cha kuipa, inakauka. Flapu inahama na mishipa yake ya damu, hiyo ndo tofauti yote. Kidonda kingekuwa karibu na goti wangegeuza msuli wa kigimbi, katikati ya ugoko wangetumia ule msuli mpana ulio chini yake, lakini huko kifundoni misuli imeisha zimebaki kano tupu. Ndo maana wanageuza ngozi ya nyuma ya kigimbi, inaitwa flapu ya surali, inabaki imeshikwa na shina ambalo damu yake inaingilia kama sentimita 5 juu ya kifundo cha nje. Mfaransa Masquelet na wenzake waliielezea mwaka 1992, na imesaidia sana hospitali zetu kwa sababu haihitaji mikroskopu. Njia nyingine ni kukata msuli sehemu nyingine kabisa ya mwili na kuunga vimishipa kwa mikroskopu, hiyo inataka wataalamu na vifaa ambavyo havipo kila mahali. Kile kidonda kitakachobaki kigimbini flapu ilipotoka msiogope, chini yake kuna nyama, ngozi ya pajani inashika.

Mguu Mpya
Mimi nilifanyiwa hiyo hiyo kwenye kisigino. Siku ya pili ncha ikaanza kugeuka zambarau, nikajua basi imekufa, kumbe damu inaingia ila inashindwa kutoka, bandeji ilikuwa imebana lile shina. Nesi akailegeza, akaniinulia mguu kwa mito miwili, nikalala kwa tumbo. Ilikufa pembeni kidogo tu kama upana wa ukucha, wakapunguza, pengine pote pakapona. Ukingo wa nje wa mguu una ganzi mpaka leo, na hapo penyewe pamevimba kidogo kwa hiyo natafuta viatu vipana. Ila natembea. Mwambieni dogo asilalie flapu hata dakika moja.

Kaka wa Chalinze
Asanteni sana aisee, nimemsomea mama yote, katulia kidogo. Dogo anavuta sigara, dokta hajaulizia, ina shida?

Nesi wa wodi
Shida kubwa kaka, sigara inabana vimishipa vile vile vinavyolisha flapu. Mwambie dokta leo leo kabla hajapanga siku ya thieta, na anayemletea sigara wodini mzuie.